Maswali yanayoulizwa sana kuhusu kutoa komiki yako mwenyewe bila kampuni nyuma yako

Haya maswali naulizwa kila wiki, inboksi, kwenye simu, hata msibani nishawahi kuulizwa na kijana kashika sahani ya pilau. Nimechoka kujibu moja moja kwa hiyo nayaweka yote hapa. Mi ni mwandishi, kuchora kwangu kunaishia kwenye vijiti, na komiki zangu tatu nimezitolea Dar kwa hela ya mfukoni. Kwa hiyo mengi humu ni ya mtu aliyeshalipia ada ya kukosea.

Nina stori kubwa ya matoleo 40, ulimwengu mzima nimeshauumba. Naanzia wapi?

Anzia kurasa 8. Najua unakasirika lakini nisikilize mkuu. Stori ya matoleo 40 unayo kichwani, na kichwani kila kitu kinaisha vizuri. Kurasa 8 zenye mwanzo na mwisho zitakufundisha vitu ambavyo daftari la ukoo wa wafalme wako halitakufundisha, mfano utagundua kwamba ile sehemu uliyodhani inachukua ukurasa mmoja inakula minne. Halafu mchoraji akiona una kitu kilichoisha anakuheshimu, ukimwonyesha ramani ya ulimwengu anakwambia "poa ntakucheki" na hakucheki.

Mtoe mhusika mmoja kwenye huo ulimwengu wako, mpe tatizo la siku moja, maliza. Ukishamaliza ongeza mpaka 16, halafu 24. Zingatia hizo namba, zote zinagawanyika kwa 4, sababu utaiona tukifika kwenye kuprinti.

Kwani Bongo watu wanasoma komiki? Si utamaduni wetu.

Hili nalisikia sana kwa watu waliozaliwa baada ya 2000. Waulize wazazi wako kuhusu jarida la Sani, waulize Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe na Pimbi ni kina nani, uone watakavyocheka. Kabla ya hapo Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa anatoka kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 60. Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu miaka na miaka mpaka Taifa Leo bila Juha ikawa kama chai bila sukari, na 2010 Shujaaz ikaanza kutoka kwa Sheng, bure, imekunjwa ndani ya gazeti la Jumamosi. Wasomaji wapo, walikuwepo muda wote.

Kilichopotea ni njia. Sani ilikuwa inauzwa na yule yule anayeuza gazeti, mtu ananunua akisubiri basi, na leo mtu akisubiri basi anaangalia simu. Kwa hiyo jiulize komiki yako itamkuta wapi huyo mtu, hilo ndo la kukuumiza kichwa.

Skripti ya komiki inaandikwaje? Kuna fomati maalum?

Hakuna fomati ya sheria kama kwenye filamu. Wapo wanaoandika kila kitu, boksi kwa boksi (boksi ni kila picha moja iliyozungushiwa fremu ukurasani), wapo wanaompa mchoraji muhtasari wa ukurasa, anachora, halafu maneno yanaandikwa mwishoni juu ya picha. Mi naandika boksi kwa boksi kwa sababu wachoraji wangu wengi wanafanya kazi usiku baada ya kazi nyingine na hawana muda wa kukisia. Hiki ni kipande cha kwangu, kimekaa hivi hivi kwenye faili:

UKURASA WA 3 (maboksi matatu)
Boksi 1, pana, upana wote wa ukurasa. Ndani ya daladala la Mbagala kwenda Kariakoo, saa moja asubuhi, watu wamebanana. BI MWANTUMU kakaa siti ya dirishani, kapakata kapu. Kichwa cha kuku kinachungulia.
KONDA: Nauli hizo!
Boksi 2, karibu kabisa. Mkono wa konda, noti zimekunjwa katikati ya vidole.
KONDA: Mama, na huyo kuku?
Boksi 3. Uso wa Bi Mwantumu anamwangalia konda. Hakuna maneno.

UKURASA WA 4
Boksi 1. Uso wa kuku, anamwangalia konda kwa macho yale yale.
BI MWANTUMU: Kapakatwa huyu. Kapakatwa halipi.

Sasa angalia. Mwanzoni boksi 3 nilikuwa nimempa Bi Mwantumu maneno mengi, bei ya kuku, maisha magumu, serikali, kila kitu. Mchoraji akanipigia akasema "braza hapa huyu mama akinyamaza ndo anatisha". Nikafuta yote. Na kuku nikampeleka ukurasa wa 4 makusudi, maana kwenye kitabu ukurasa wa 1 uko kulia, wa 2 na wa 3 zinaonekana pamoja, kwa hiyo msomaji hamwoni kuku mpaka afunue. Kila kitu unachotaka kimshtue msomaji au kimchekeshe kiweke juu ya ukurasa wa namba shufwa, yaani ule wa kushoto. Ukikiweka kulia ameshakiona kabla hajasoma vya kushoto, jicho linatangulia, huwezi kulizuia.

Na boksi moja kitendo kimoja. "Juma anaamka, anavaa, anatoka mbio" sio boksi, hiyo ni maboksi matatu, mchoraji akikuchorea hayo yote kwenye moja basi ni malaika.

Maneno mangapi kwenye puto?

Machache kuliko unavyodhani. Mi nikivuka maneno 20 kwenye puto moja, kile kiduara cha maneno ya mhusika, najua nimeanza kuhutubia.

Ila sisi tuna tatizo letu ambalo vitabu vya kujifunzia komiki havilizungumzii kwa sababu vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza kina maneno mafupi mafupi, unayapanga kwenye puto la duara yanakaa, juu mawili katikati manne chini mawili. Kiswahili kitenzi kimoja kinabeba sentensi nzima. "Tutakapowakamata" hilo ni neno moja, liweke kwenye puto jembamba uone, ama fonti inakuwa ndogo kama ya maelezo ya dawa ama unalikata katikati na msomaji anajikwaa. Dawa ni mbili. Kwanza mwambie mchoraji aache nafasi pana, sio ndefu, kwa ajili ya puto. Pili badilisha maneno, "Tukiwadaka!" ni fupi na inatisha zaidi. Ukilazimika kukata, kata kwenye silabi, na "ng'", "ny", "sh", "mb" usizitenganishe hata siku moja.

Halafu hiyo ng' yenyewe. Fonti nyingi za komiki na programu nyingi zinageuza kile kialama cha juu zenyewe, na zingine hazina kabisa zinaweka kijiboksi. Kitabu changu cha pili kimetoka na "ng'ombe" ambaye alama yake imegeuka upande mwingine kwenye kurasa zote 24, na kitabu kilikuwa kinahusu mfugaji. Kabla hujachagua fonti andika "ng'ang'ania" kwa herufi kubwa na ndogo uiangalie kwanza. Blambot, tovuti ya fonti za komiki, wana fonti ambazo mchoraji huru anaruhusiwa kutumia bure, soma masharti yao. Comic Sans achana nayo, licha ya jina lake.

Kiswahili gani nitumie, sanifu au cha mtaani?

Msimulizi wako aongee unavyotaka, ila wahusika kila mmoja na kinywa chake. Mzee wa Unguja asiongee kama bodaboda wa Tandale. Slengi inazeeka haraka sana, neno la mwaka huu mwakani linachekesha kwa sababu nyingine, kwa hiyo wape slengi vijana kwenye stori na usiijaze kila mahali. Ukitaka kuuza Nairobi pia, kumbuka konda wa huku kule anaitwa makanga na daladala ni matatu. Mi sibadilishi, wasomaji sio wajinga, picha inawaonyesha.

Sijui kuchora. Nampataje mchoraji na namlipaje?

Hapa ndo penye vita. Wachoraji wazuri wako wengi, wengi wanapiga mabango, tisheti, nembo, kuta za shule za chekechea. Nenda Nafasi, kile kituo cha sanaa pale Mikocheni, angalia kurasa zao mitandaoni, nenda kwenye maonyesho. Ukimpata usimwambie "tufanye tukiuza tutagawana", hata kama una nia njema, kwa sababu kuchora ukurasa mmoja vizuri kunaweza kula siku nzima au mbili na wewe skripti yake umeandika nusu saa. Lipa kwa ukurasa, hata kidogo, na lipa kwa mafungu: kurasa nne, hela, kurasa nne, hela. Mi nilishawahi kulipa yote mwanzo kwa jamaa mmoja, akafika ukurasa wa 9, msimu wa harusi ukaingia akapata kazi za mabango ya kitchen pati, mpaka leo shujaa wangu yupo ukurasa wa 9 ananing'inia kwenye nguzo ya umeme. Simlaumu sana, harusi zinalipa.

Kabla hajachora ukurasa hata mmoja mwombe akuchoree sura ya mhusika mkuu mbele, ubavuni, akicheka, akikasirika. Asiyeweza kurudia sura ile ile mara nne hataweza kuirudia mara mia. Wapo wachoraji wa picha moja kali sana ambao komiki inawashinda, na hilo sio tusi, ni kazi tofauti.

Halafu omba michoro midogo ya haraka haraka ya kurasa zote kwanza, ile ya penseli ukubwa wa kiberiti. Marekebisho fanya hapo. Ukisubiri mpaka apake wino na rangi ndo useme "naona kamera iwe juu" utakosana naye, na utakuwa umekosea wewe.

Mkataba ni lazima? Ni mshikaji wangu.

Kwa sababu ni mshikaji ndo uandike. Ukurasa mmoja unatosha: nani anamiliki wahusika, nani anamiliki michoro halisi ya karatasi, kila mtu anapata nini kitabu kikiuzwa, na nini kinatokea mtu akitaka filamu au tisheti. Jerome Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130, ukoo na mawakili wakagombana miaka mingi baadaye. Wewe huuzi Superman najua, hata wao hawakujua.

Hakimiliki yenyewe inaanza pale kazi inapoandikwa au kuchorwa, kusajili ni kwa ajili ya ushahidi. Ofisi za kusajili hakimiliki, Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Wazo tupu halilindwi, kwa hiyo acha kuogopa kumwambia mtu kwamba stori yako inahusu jini anayeendesha bajaji. Akitoka na jini wake, wewe toka na wako.

ISBN je?

Hiyo ni namba ya utambulisho wa kitabu. Ukitaka kuuza kwenye maduka ya vitabu au maktaba, ndio. Bongo unaomba kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya pia ni maktaba ya taifa. Ukiuza mkononi na mtandaoni tu unaweza kusubiri.

Naweza kutengeneza yote kwa simu?

Ndio, nimeona kazi kali zimechorwa kwa kidole kwenye ibisPaint, programu ya kuchorea ya simu. Mwenye kompyuta ya wastani achukue Krita, ni ya bure. Clip Studio ndo wengi wanaopiga komiki wanaitumia, inalipiwa. Mwenye karatasi, penseli na kalamu ya wino asijidharau, chora A3, skani, safisha.

Chochote utakachotumia, anza na dpi (nukta kwa inchi) 300 kwa saizi halisi ya kitabu kama ni rangi, na 600 kama ni wino mweusi mtupu. Usianze na 72 ukidhani utakuza baadaye, haikuzwi hiyo. Na sevu nakala mbili sehemu mbili, simu zinaibiwa.

Prinita ananiuliza vitu sivielewi. Niende na nini?

Nenda na PDF na kitabu cha mfano ulichokunja kwa mkono. Kweli kabisa, chukua karatasi nyeupe, kunja, andika namba za kurasa, nenda nacho. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne za A5. Kitabu cha A5 cha kurasa 24 ni karatasi sita zimekunjwa na kupigwa pini mbili mgongoni, jalada ni karatasi nyingine ya peke yake. Ndo maana nilisema 8, 16, 24. Ukija na kurasa 22 kuna mbili zitabaki nyeupe au utazijaza na picha yako na shukrani kwa mama.

Mambo mengine atakayouliza. Picha zinazogusa ukingo zizidi milimita 3 nje, kwa sababu mashine ya kukatia haikati pale pale kila mara. Maneno yakae ndani mbali na ukingo na mbali na mkunjo. Rangi ziwe CMYK, yaani zile nne za wino wa kuprintia, sio RGB ya kioo cha simu, ile bluu yako ya usiku inayong'aa kwenye simu kwenye karatasi itazima, izoee mapema. Na hili lishike sana: maandishi yawe meusi ya wino mweusi peke yake. Kitabu changu cha kwanza maneno yalikuwa yametengenezwa kwa rangi zote nne, mtambo ukateleza kidogo tu, kila herufi ikapata kivuli chekundu pembeni. Nakala 300. Prinita akaniambia ndo faili lako lilivyo, na alikuwa sahihi, kilichoniuma ni kwamba aliona tangu nakala ya kwanza akaendelea. Siku hizi sitoki pale mpaka nipewe nakala moja ya mfano niisome yote nimesimama, hata kama wanapiga miayo.

Dijitali au ofseti? Dijitali mashine inaprinti moja kwa moja kutoka kwenye faili. Ofseti kuna pleti za kutengeneza, zile bamba zinazobeba picha ya ukurasa, gharama yake ni ile ile uprinti 100 au 2,000, kwa hiyo inalipa ukiprinti nyingi. Chini ya mia kadhaa nenda dijitali. Zunguka Kariakoo ulizia sehemu tatu, bei zinatofautiana mpaka utashangaa.

Rangi au nyeusi na nyeupe?

Nyeusi na nyeupe, rangi jaladani tu. Ni rahisi, inakauka vizuri, na mchoraji anayejificha nyuma ya rangi utamgundua.

Niuze shilingi ngapi?

Tufanye hesabu, namba ni za mfano tu weka zako. Unaprinti nakala 200, kila moja inakugharimu 2,500. Mchoraji kurasa 24 kwa 15,000 ni 360,000. Unauza 5,000. Ukiipeleka dukani kwa mali kauli na mwenye duka akachukua 2,000 yake, unabaki na 500 kila kitabu, zikiisha zote una laki moja. Mchoraji hujamlipa bado. Zile zile 200 ukiuza mkononi mwenyewe unabaki na laki tano, toa ya mchoraji, una 140,000 mfukoni na hujahesabu nauli wala bando.

Kwa hiyo kwa toleo la kwanza duka ni sehemu ya kuonekana, peleka nakala 10 ukiandikishiana, rudi kila mwezi bila aibu kuulizia hela yako. Hela iko mkononi: Sabasaba, mashule (ongea na mwalimu wa Kiswahili, sio mkuu wa shule kwanza), matamasha, Soma Book Café wakiwa na shughuli ya vitabu, na wa mikoani unawatumia kwa basi, wanalipa kwenye lipa namba halafu unawapigia picha risiti ya kifurushi. Ukiweza kufika Nairobi kwenye NAICCON, lile tamasha la komiki, nenda, utakutana na watu wanaovaa kama wahusika wao na hawakuoni mwehu.

Na mtandaoni?

Webtoon Canvas, sehemu ya kuweka komiki mtandaoni, ni bure kuweka, ila kule watu wanasoma kwa kushusha chini, picha upana wa pikseli 800, ukurasa wako wa A5 wenye maboksi sita hautasomeka, inabidi uyapange upya moja chini ya lingine. Kwa wasomaji wetu mi nimeona WhatsApp inafanya kazi zaidi, wale wanaouza simulizi kwa vipande wameshawafundisha watu kulipia sehemu inayofuata kwa buku. Weka kurasa nne za kwanza bure kwenye stetasi, katisha pabaya, waache wakutafute.

PDF itasambazwa, ndio. Mtu mmoja atanunua atawatumia kumi. Mi naandika ukurasa wa mwisho namba ya kulipia na maneno "kama umetumiwa bure na umecheka, nitumie jero". Huwa zinaingia. Sio nyingi, lakini zinaingia saa za ajabu, saa nane usiku jero kutoka Sumbawanga.

Niprinti ngapi za kwanza?

Hesabu watu ambao ukiwapigia simu sasa hivi watanunua, kwa majina. Zidisha kwa mbili. Mi nilikadiria kwa kupenda nikabaki na maboksi chini ya kitanda miaka miwili, mke wangu akayawekea kitambaa yakawa meza.

Naweza kukutumia skripti yangu uisome?

Tuma. Kurasa 8 tu, zilizoisha, sio PDF ya 140 yenye historia ya falme. Na tafadhali sana usinisimulie kwa voisi noti.